Mgonjwa wa Kwanza ni Maji: Utangulizi wa Tiba ya Samaki wa Tangini

Tangi la kwanza nililoitwa kulitazama mjini Isiolo lilikuwa ndani ya duka la nguo, juu ya meza karibu na mlango, mahali ambapo mteja asingeweza kupita bila kulitupia jicho. Urefu wake ulikuwa sentimita 60, upana 30, na maji yalifika kimo cha sentimita 30. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu 23, na tisa kati yao walikuwa wamekwisha kufa nilipofika. Mama mwenye duka hakuwa mzembe. Alilijaza tangi kwa maji ya mvua ya Aprili, akawa anaongeza maji kila mvua iliponyesha. Asubuhi ile aliona maji yamegeuka rangi ya chai hafifu na samaki wamepandisha midomo juu wakitweta. Akatoa nusu ya maji, akajazia maji ya kisima aliyonunua kwa mitungi kutoka kwa muuza maji. Akachomoa sponji ya filta, akaikamua na kuisuuza kwenye mfereji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wanazunguka kama walevi na kugonga kioo. Saa tisa wakaanza kufa.

Aliniuliza swali moja: "Daktari, kwani nimewaua kwa usafi?"

Utangulizi huu ni jibu refu la swali hilo. Nimeuandikia yeyote anayetaka kuingia katika taaluma ya afya ya samaki: mwanafunzi wa chuo, afisa wa mifugo aliyezoea mbuzi na ngamia, mzazi aliyenunuliwa tangi na watoto wake, au mfugaji mwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Karibu. Huhitaji maabara ili uanze. Unahitaji macho, ndoo mbili, karatasi za kupimia maji, na utayari wa kuhesabu.

Tukimtibu ng'ombe, tunaweza kumtenga na zizi lake. Mtoe kwenye tope, mfunge chini ya mgunga, na hapo ulipomfunga atavuta hewa ambayo hakuichafua mwenyewe. Samaki hana nafasi hiyo. Maji anayopumulia ndiyo anamolia chakula, ndiyo anamoendea haja, na ndiyo yanayogusa damu yake kupitia ngozi nyembamba ya matamvua. Kwa hiyo daktari wa samaki hupima maji kabla ya kumgusa samaki. Wanaoingia katika kazi hii wakitokea kwenye tiba ya wanyama wa nchi kavu husumbuka hapa kuliko mahali pengine popote: mkono unakimbilia sindano, kumbe jibu liko kwenye ndoo.

Taaluma yenyewe si ya jana. Mwaka 1904, Bruno Hofer wa Munich, Ujerumani, alichapisha kitabu kikubwa cha magonjwa ya samaki, na wengi humhesabu kuwa baba wa fani hii. Miaka 70 baadaye, mwaka 1974, Stanislaus Snieszko, mtaalamu wa bakteria aliyefanya kazi Marekani, aliieleza kwa mchoro ambao kila mwanafunzi wetu huuchora wiki ya kwanza: duara tatu zinazoingiliana. Moja ni samaki, ya pili ni kidudu kinacholeta ugonjwa, ya tatu ni mazingira. Ugonjwa huzuka pale zote tatu zinapokutana. Kidudu kinaweza kukaa ndani ya tangi mwaka mzima bila kumdhuru samaki yeyote. Siku maji yatakapoharibika, duara ya tatu husogea, na kidudu kile kile kilichokuwa mpangaji mtulivu hugeuka muuaji.

Nadhani hakuna mahali pafaapo kuanzia somo hili kuliko Isiolo. Katika enzi ya ukoloni mji huu ulikuwa kituo cha karantini. Ng'ombe waliotoka kaskazini walizuiliwa hapa kwanza, wakachunguzwa homa ya mapafu na sotoka, kabla ya kuruhusiwa kuteremka kwenye masoko na mashamba ya nyanda za juu. Wafugaji waliumia kwa amri zile, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana karantini ilitumika pia kuwafungia soko. Hata hivyo, elimu ya kwamba ugonjwa husafiri na mnyama mgeni imekaa katika kaunti hii vizazi kwa vizazi. Tena sotoka, ugonjwa uliofilisi ufugaji wa Afrika, ulionekana mara ya mwisho duniani mwaka 2001 kwa nyati wa Mbuga ya Meru, jirani kabisa na Isiolo, na mwaka 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Mtu wa hapa akiambiwa kwamba ugonjwa unaweza kumalizwa kwa nidhamu ya miaka mingi, anaambiwa habari ya nyumbani.

Kuna elimu nyingine ya kale zaidi ya karantini ya serikali. Wafugaji wa Kiborana wana wazee wa dedha, baraza linaloamua malisho yapi yafungwe wakati wa mvua ili yabaki kwa ajili ya kiangazi. Kwenye kisima yuko abba herega, msimamizi wa zamu, anayejua mifugo ya nani itakunywa leo na ya nani itasubiri. Watu hawa hawamtibu mnyama hata mmoja, lakini nawahesabu miongoni mwa waganga wakubwa wa mifugo, kwa sababu kazi yao ni kuzuia mahali pamoja pasilemewe.

Sasa fikiria kisima ambacho mifugo wakishakunywa hawaondoki. Wanalala pale pale, wananya pale pale, wanazaa pale pale, na anayeugua anaugulia pale pale. Hilo ndilo tangi la samaki, na ndani yake abba herega ni wewe.

Tuingie majini. Samaki anapokisaga chakula chenye protini, mwili wake hutoa amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua moja kwa moja hadi majini. Mtoni amonia huchukuliwa na mkondo. Tangini inabaki. Kinachookoa maisha ni makundi mawili ya bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye kioo. Kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, huigeuza amonia kuwa naitriti. Kundi la pili, ambalo Nitrospira ni maarufu kati yake, huigeuza naitriti kuwa naitrati, isiyo kali sana, ambayo wewe unaitoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kutosha, na ndiyo maana samaki wengi hufa katika mwezi wa kwanza, wakati mwenye tangi bado ana furaha ya kitu kipya. Sponji ya yule mama ilikuwa na rangi ya tope kwa sababu ilikuwa hai. Alipoisuuza kwenye mfereji wenye klorini aliwaua wafanyakazi wake wote kwa mara moja. Sponji husuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kidogo tu, na kurudishwa ikiwa bado na uchafu.

Lakini sponji haielezi vifo vya mchana ule ule. Jibu liko kwenye pH, kipimo kinachoonyesha maji yanaelekea wapi: 7 ni katikati, chini yake yanaelekea uchachu, juu yake yanaelekea tabia ya magadi. Amonia majini ina sura mbili. Moja imefungwa na haipenyi kirahisi kwenye matamvua. Nyingine iko huru, inapenya, na ndiyo sumu. Kiasi cha kila sura huamuliwa na pH na joto. Katika nyuzi 25, maji yakiwa na pH ya 7, amonia iliyo huru haifiki hata sehemu moja katika 100. Kwenye 8 inakuwa kama sehemu tano. Kwenye 9 inakuwa kama 36. Rudia hesabu hiyo taratibu, kwa sababu nusu ya tiba ya samaki wa tangini imefichika ndani yake.

Maji ya mvua hayana chokaa wala chumvi za ardhini za kuzuia uchachu. Samaki 23 walipoyatumia kwa wiki kadhaa, yakazidi kuwa machachu hadi kwenye 6.5 hivi, na uchachu ule ukaifunga amonia. Tuseme ilikuwa imerundikana miligramu 10 katika kila lita. Katika pH ya 6.5 iliyo huru ni chini ya miligramu 0.02, na samaki wanasumbuka lakini wanaishi. Kisha yakaja maji ya kisima kutoka chini ya ardhi, maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na pH ikapanda hadi 8.5. Amonia yote imepungua kwa nusu, imebaki miligramu tano. Lakini sasa sehemu 15 katika kila 100 ziko huru, yaani zaidi ya miligramu 0.7. Sumu imeongezeka karibu mara 40 huku maji yakionekana masafi kuliko yalivyokuwa asubuhi.

Basi ndiyo, mama aliwaua kwa usafi. Ila usafi ulikuwa mkono wa mwisho tu. Kama tangi lingekuwa na samaki watatu, amonia ile isingerundikana, na maji ya kisima yangepita bila madhara.

Yuko samaki mmoja hapa Kenya aliyeijibu hesabu hii kwa njia yake. Katika Ziwa Magadi, ambako pH hufika karibu 10, anaishi tilapia mdogo aitwaye Alcolapia grahami. Amonia haiwezi kutoka mwilini mwake kuingia kwenye maji ya namna ile, kwa hiyo ameacha njia ya samaki wengine na hutoa taka yake kama urea, kama tufanyavyo sisi na mbuzi wetu. Ninamtaja kwa sababu wanafunzi wakishamjua hawaisahau tena amonia.

Naitriti nayo ina ubaya wake. Huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawa. Samaki anatweta ingawa hewa imejaa majini. Hapa chumvi ya kawaida ya jikoni, hata kwa kiasi kidogo, ni dawa ya kweli: kloraidi iliyomo hushindana na naitriti kwenye mlango wa matamvua na kuizuia isiingie. Chumvi ya shilingi chache huokoa samaki ambao chupa ya dawa ya bei ghali ingewaacha wafe.

Nimetaja idadi mara kadhaa, na sasa niizungumze wazi. Katika maduka utasikia kanuni ya kwamba kila sentimita ya samaki inahitaji lita moja ya maji. Siipendi. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka karibu mara nane, maana anakua kwa urefu, upana na unene kwa pamoja. Samaki kumi wa sentimita tatu na samaki mmoja wa sentimita 30 wana jumla sawa ya sentimita, lakini yule mmoja ana uzito wa karibu mara 100 ya wale kumi wote, na taka yake ni nyingi kuliko yao kwa mbali. Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa na urefu wa kidole na anaweza kupita sentimita 20. Anayenunua watoto 23 amenunua, bila kujua, kundi ambalo hata pipa haliwezi kulibeba.

Joto la Isiolo linabana zaidi. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Mji uko kama mita 1,100 juu ya bahari, na mwinuko huo hupunguza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kile kilichobaki. Wakati huo huo mwili wa samaki ukipata joto hudai oksijeni zaidi. Kwa hiyo kipimo cha idadi kilichoandikwa kwenye kitabu cha Uingereza kipunguzwe hapa, na pampu ya hewa isizimwe usiku. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka urudi. Mfugaji huwatazama wanyama wake alfajiri kabla hawajatoka zizini. Fanya hivyo kwa samaki pia, hasa tangi likiwa na mimea mingi au maji ya kijani, kwa sababu usiku mimea nayo huvuta oksijeni, na saa ya dhiki kubwa ni kabla ya jua kuchomoza.

Sasa ndipo tunapofikia vidudu, na msomaji asishangae kwamba nimechelewa kuvifikia. Kinachojulikana kuliko vyote ni cha madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis. Samaki huonekana kama amenyunyiziwa chembe za chumvi, hujikwangua kwenye mawe na kubana mapezi. Ndani ya ngozi kimelea hiki kimefunikwa na hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikikomaa huanguka, hujishika chini, hugawanyika na kutoa mamia ya watoto, na kila mtoto ana siku moja au mbili tu za kumpata samaki kabla hajafa. Ni hapo tu dawa inampata. Kwa nyuzi 25 mzunguko wote huweza kumalizika ndani ya wiki. Kutokana na maisha haya utaona mambo mawili. Madoa yakitoweka siku ya tatu kimelea hakijaisha, kimehama tu, na anayeacha tiba hapo atayaona tena yakiwa mengi zaidi. Endelea siku 10 au zaidi. La pili ni msongamano. Mtoto wa kimelea anayetafuta samaki katika maji mapana hufa njiani. Katika lita 50 zenye samaki 23 hapotei hata mmoja.

Vitabu vya nchi za baridi hushauri kupandisha joto hadi nyuzi 30 ili kuharakisha mzunguko huo. Kwa tangi lililosongamana la Isiolo sishauri. Oksijeni haitoshi, na pengine ugonjwa wenyewe siyo huo. Kuna bakteria aitwaye Flavobacterium columnare ambaye huota kama pamba mdomoni na mgongoni. Watu humdhania kuvu, humpa dawa ya kuvu, kisha humwongezea joto, na yeye hupenda joto na msongamano kuliko chochote. Nimeona tangi zima likimalizika kwa siku mbili kwa kosa hilo. Kabla ya kutibu, tofautisha: chembe zilizotengana ni jambo moja, utando wa kijivu au pamba ni jambo jingine, na samaki aliyevimba tumbo mpaka magamba yamesimama kama tunda la msonobari ni jambo la tatu. Huyo wa mwisho mara nyingi figo zake zimeshindwa, na wachache hupona.

Dukani pa dawa za mifugo mtu atakuuzia oksitetrasaiklini ya mbuzi ili uimimine tangini. Tafadhali usifanye hivyo. Kalsiamu na magnesiamu katika maji magumu huikamata dawa hii, na kinachobaki kwa samaki ni kidogo, wakati bakteria wanaobaki hai hujifunza kuivumilia. Maji yale yatamwagwa uani, ambako kuku na watoto hupita. Antibiotiki ina nafasi yake katika fani hii, ikiagizwa na daktari aliyesajiliwa na kuchanganywa na chakula kwa kipimo, baada ya ugonjwa kutambuliwa. Kabete, katika kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Sagana, kwenye kituo cha samaki kilichoanzishwa mwaka 1948, kuna watu wanaoijua kazi hii.

Dawa ninayoitetea kwanza ni chumvi ya kula, lakini kwa hesabu. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1,000, utapata lita. Tangi la yule mama: 60 mara 30 mara 30, ni lita 54, ondoa changarawe, zibaki 50. Kwa madoa meupe tunatumia gramu mbili hadi tatu kwa lita. Tukianza na mbili, hizo ni gramu 100, karibu vijiko vya chai 18 vilivyosawazishwa. Zikoroge kwanza kwenye maji pembeni, uzitie kwa mafungu matatu ndani ya siku moja au mbili. Kambare na jamii zake wasio na magamba wapewe pungufu, na mimea mingi haitavumilia. Kumbuka pia kwamba upepo wa Isiolo hukausha maji upesi, lakini chumvi haipai. Ukijazia maji yaliyokauka usitie chumvi nyingine. Tia tu kwa yale uliyoyachota ukayamwaga. Na usichanganye chumvi na magadi. Magadi yanayolainisha maharagwe jikoni yatapandisha pH, na sasa unajua amonia itafanya nini.

Kwa samaki asiyepona, wajibu wetu ni kumpumzisha bila mateso. Mafuta ya karafuu, yale yale ya Unguja na Pemba, yakitikiswa ndani ya chupa yenye maji kidogo na kumiminwa polepole kwenye beseni, humlaza samaki usingizi. Kipimo kikiongezwa haamki tena. Kidogo chake hutumika pia kumtuliza samaki tunapomchunguza matamvua. Wewe mwenyewe usitie mkono wenye kidonda majini. Tangu mwaka 1926, samaki wa tangini Philadelphia walipochunguzwa, tunamjua bakteria wa jamii ya kifua kikuu aitwaye Mycobacterium marinum, anayeweza kuota vinundu kwenye ngozi ya mtu na kukaa miezi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangini mgeni akija bila karantini, mwenyeji huugua. Samaki wengi wanaouzwa Isiolo husafirishwa kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 250, ndani ya mfuko uliofungwa. Njiani hewa chafu ya pumzi yao huyafanya maji ya mfuko yawe machachu, na uchachu ule huwakinga na amonia yao wenyewe. Ukiufungua mfuko na kuuacha wazi saa nzima ukimwagia maji ya kisima kidogo kidogo, kama wengi wanavyoelekezwa, umerudia kosa la duka la nguo kwa udogo. Uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha fungua, mchukue samaki kwa wavu, maji ya mfuko yamwage. Akae peke yake wiki nne, mwenye wavu wake na ndoo yake. Ninajua wiki nne ni nyingi kwa mtoto anayesubiri. Ng'ombe wa kaskazini walisubiri zaidi.

Nimebakiza jambo lililo karibu na moyo wangu. Mwaka 1992 wataalamu walimwandika rasmi samaki aitwaye Nothobranchius bojiensis. Jina lake limetokana na nyanda za Boji, katika bonde la Ewaso Ng'iro. Huishi kwenye madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Hukua haraka, hutaga mayai kwenye tope, na dimbwi likikauka wazazi hufa wote. Mayai hubaki ardhini yakiwa hai, yakisubiri mvua nyingine. Wapenzi wa samaki wa mbali humfuga kwenye matangi yao na kumjadili kwa heshima. Hapa kwetu watu wengi hupita na ngamia kando ya dimbwi lake bila kumjua kwa jina.

Samaki wa jamii yake hupatwa mno na ugonjwa wa mahameli, unaosababishwa na Piscinoodinium: vumbi la rangi ya dhahabu mwilini, linaloonekana vizuri ukimulika tochi kutoka ubavuni. Wanaomfuga huweka chumvi kidogo majini siku zote kumkinga. Kimelea hiki hutumia mwanga kama mmea, na kufunika tangi kwa shuka nzito wakati wa tiba husaidia. Nieleze kwa nini ninamleta hapa. Mtu akichoka na tangi lililojaa, njia nyepesi ni kubeba samaki kwenye ndoo na kuwamwaga kwenye mto au dimbwi. Anadhani amewahurumia. Gapi na samaki wa dhahabu waliosongamana hubeba vimelea, na dimbwi la Boji halina daktari. Samaki wa ziada wapewe mtu mwenye maji mengi, au walazwe kwa karafuu. Wasipelekwe mtoni.

Samaki 14 wa duka la nguo tuliwagawa siku ile kwenye makarai matatu yenye pampu, na tukayabadilisha maji kidogo kidogo kwa siku tano. Wawili zaidi walikufa. Waliobaki 12 walihamia kwenye tangi la plastiki la lita 1,000 lililokuwa kivulini nyumbani kwa kaka yake mama. Lile la kioo lilikaa bila samaki wiki sita, sponji ikilishwa chembe za chakula ili bakteria warudi. Kisha wakaingia gapi sita.

Sura zinazofuata zitaingia ndani zaidi katika kila nililoligusa hapa. Anza na hesabu ya amonia, uirudie mpaka iwe yako. Na siku utakapoleta samaki mgonjwa, kwangu au kwa daktari mwingine yeyote, usije na samaki peke yake. Chukua chupa safi ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji ya tangi lenyewe, ijaze mpaka shingoni, andika saa uliyoyachota na idadi ya samaki waliomo, kisha uje nayo.